Kazi au Nyumbani? Uchaguzi wa Mama katika Fasihi na Maishani

Kila muhula wanafunzi wetu wa kidato cha tatu na cha nne hurudia mdahalo ule ule: je, ni bora mama afanye kazi au abaki nyumbani? Darasa hugawanyika pande mbili, makofi yakapigwa, na kesho yake mawazo yayo hayo yakajitokeza katika insha za fasihi. Makala haya yananuia kuonyesha kuwa swali hilo, jinsi linavyoulizwa, humponza mtahiniwa. Linachukulia kwamba mama amesimama kwenye njia panda na njia zote mbili ziko wazi. Ukisoma vitabu vyetu kwa makini utaona kuwa mara nyingi njia moja ilizibwa kabla mama hajafika.

Tuanze na riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980). Bi. Tamima hukaa ndani. Mtahiniwa akiandika kuwa huyu ni mama aliyeamua kujitolea kwa familia yake, atakuwa amepotoka, maana aliyeamua ni mumewe, Maksuudi. Kukaa kwake nyumbani ni amri. Siku anapopewa talaka, miaka yote aliyoitumikia nyumba ile haihesabiwi na yeyote kuwa kazi.

Katika tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, Ashua yuko upande wa pili. Huyu hakufungiwa ndani. Ni mwanamke mwenye elimu anayetegemea soko la Chapakazi. Majoka anapolifunga soko hilo na watoto wakakabiliwa na njaa, Ashua anamwendea Majoka yule yule kuomba msaada, na baadaye anamdai mumewe Sudi talaka. Wanafunzi wengi humhukumu upesi: msaliti, asiye na subira. Lakini ni kipi hasa alichoweza kuchagua? Aliyemnyang'anya riziki ni utawala, wala si ndoa yake wala uzembe wake.

Mfano wa tatu ni Natala (1997), tamthilia ya Kithaka wa Mberia, mwandishi mzaliwa wa Tharaka, jirani yetu wa karibu. Natala anapoaminika kuwa mjane, shemeji yake Wakene anataka kumrithi na kukitwaa cheti cha shamba. Hapa tunafika kwenye mzizi wa jambo. Kabla ya kuuliza kama mama anafanya kazi, tuulize shamba ni la nani.

Mwanafunzi wa Meru na Embu hahitaji kwenda mbali kuyaelewa haya. Alfajiri, kandokando ya mashamba yanayopeleka majani katika viwanda vya chai vya Kionyo, Imenti, Mungania au Rukuriri, atawaona akina mama wakichuma majani mawili na chipukizi, kisha wakiyabeba hadi kituoni kupimwa. Huyo mama hubaki nyumbani au hufanya kazi? Shamba liko nyuma ya jiko lake. Iwapo nambari ya mkulima imeandikwa kwa jina la mumewe, bonasi huingia mfukoni mwa mume, na akiulizwa mke wake hufanya kazi gani, mume hujibu bila haya: "Hafanyi kazi, yuko tu nyumbani."

Sheria nayo imewafikia baadhi tu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama aliyeajiriwa miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye malipo kamili. Walimu wa TSC, kupitia mkataba wa 2021-2025, waliongezewa hadi siku 120. Lakini mama anayelipwa kwa kilo katika shamba la jirani, asipochuma, halipwi. Basi humfunga mtoto mgongoni akaendelea kuchuma.

Mimi mwenyewe ni mwalimu na ni mama. Likizo yangu ilipokwisha nilirudi darasani kwa sababu nilimpata yaya kutoka Mbeere. Nilijisifu kuwa nimechagua kazi bila kuitupa nyumba. Ilinichukua miezi kadhaa kumuuliza yaya wangu wa kwake analelewa na nani. Alijibu: "Na nyanya yake, mwalimu." Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Uchaguzi wangu ulisimama juu ya mgongo wa mama mwingine ambaye hakuwa na wa kwake.

Je, mtahiniwa afanye nini anapokabiliwa na swali kama hili: "Mama wa kisasa ana uhuru wa kuchagua. Jadili"? Asikimbilie kukubali wala kukataa. Ajiulize maswali matatu kuhusu kila mhusika: Nani aliyeamua? Nani anayelea mtoto mama anapotoka? Mali na mapato ni ya nani? Kila jibu alitolee ithibati kutoka kitabuni.

Hata hivyo, tusiwafundishe wanafunzi kumwona kila mama kuwa kiumbe wa kuhurumiwa tu. Natala anakataa kurithiwa. Ashua anathubutu kusema kuwa ndoa isiyomlisha mwana imemchosha. Kuna uamuzi hapo, ila ni uamuzi wa mtu aliyebanwa, na uhakiki mzuri huonyesha vyote viwili: mbano na ujasiri.

Walimu wenzangu, katika madarasa yetu wamo wasichana ambao mama zao walichuma chai asubuhi hii ili karo ipatikane. Tukiwaachia waandike kuwa mama wa nyumbani hafanyi kazi, tutakuwa tumewafundisha kutowaona mama zao. Tubadilishe basi hoja ya mdahalo. Badala ya kuuliza mama achague nini, tuulize ni nani aliyempangia vya kuchagua.