Kamba Mbili za Usukani

Wazee wa pwani husema, "Chombo cha kuzama hakina usukani." Watu watazamapo mashua ikipita baharini husifu tanga na upepo. Lakini katika mashua ndogo za mashindano, ziendeshwazo na mtu mmoja au wawili, salama ya chombo mara nyingi imo katika kamba nyembamba kuliko penseli.

Usukani wa jahazi ni ubao mmoja uliotundikwa nyuma ya chombo, nao haukunjiki. Usukani wa mashua ndogo ni wa namna nyingine. Mfano ni Laser, yenye urefu wa meta 4.2, iliyobuniwa na Bruce Kirby wa Kanada, ikaanza kuuzwa mwaka 1971 na kuingia katika michezo ya Olimpiki mwaka 1996. Bapa la usukani wake huzunguka katika bolti moja, mfano wa kisu cha kukunja. Faida yake ni kubwa mahali kama Mombasa, ambako wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya meta 3: mashua huweza kufika ufuoni bila bapa kukwama mchangani.

Lakini kikunjikacho kwa faida hukunjika pia kwa hasara. Mashua ikienda kasi, maji hulisukuma bapa nyuma. Hapo nguvu ya maji huwa mbali na bawaba za usukani, na kana huwa nzito, kama debe la maji lishikwalo kwa mkono ulionyoshwa. Mwendeshaji huchoka, mashua hukawia kugeuka, na kichwa cha usukani chaweza kupasuka wakati mwamba u karibu na upepo ni mkali.

Kwa sababu hiyo mashua nyingi za namna hii huwekwa kamba mbili. Ya kwanza, ya kushushia bapa, hufungwa katika ukingo wake wa mbele, hupita mbele ya kichwa cha usukani, kisha hufuata kana mpaka kwenye kibano karibu na mkono. Ya pili, ya kupandishia, hufungwa katika ukingo wa nyuma, hupita juu ya kichwa cha usukani, nayo huja mbele vilevile. Kamba ya poliesta ya milimeta 4 au 5 yafaa. Nailoni haifai kwa kushushia, maana hunyumbuka, na bapa huinama hata kama fundo limekaza.

Kazi ikiisha, mashua ingali nchi kavu, bapa na lishushwe mpaka mwisho, kisha lisukumwe nyuma kwa mkono. Likisogea, kamba imelegea au kibano kimechakaa. Tena kila kamba itiwe fundo mwishoni isije ikachomoka.

Jambo la mwisho husahauliwa na wengi. Kibano cha kawaida hakiachii chenyewe. Bapa likigonga mwamba huku kamba imekazwa, hasara ni ile ile ya ubao usiokunjika. Basi mwendeshaji akaribiapo maji machache, na afungue kamba ya kushushia kabla ya kugonga, au atumie kibano cha aina iachiayo kikizidiwa. Kukaza ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua wakati wa kulegeza.