Foleni Isiyo na Chanzo

Baifukesheni ni badiliko la tabia ya mfumo mzima linalotokea pale kigezo kimoja kinapovuka kikomo chake, hata kwa kiasi kidogo. Mfumo uliotulia ukianza kupanda na kushuka wenyewe bila kusukumwa, wanahisabati huita badiliko hilo baifukesheni ya Hopf, kwa heshima ya Eberhard Hopf aliyeichambua mwaka 1942.

Jioni, Barabara ya Uhuru jijini Dar es Salaam, kutoka Kariakoo kwenda Buguruni, huionyesha vizuri. Daladala linasimama, linasogea, linasimama tena; abiria wanachungulia mbele wakitafuta ajali au trafiki, na mara nyingine hakuna hata kimoja. Kila dereva hutazama nafasi iliyo mbele yake na huchelewa kidogo kuchukua hatua. Magari yakiwa machache, breki ya mmoja hufifia kabla ya kufika nyuma. Yakizidi kikomo, kila anayefuata hukanyaga breki kwa nguvu kuliko aliyemtangulia, hadi wa nyuma kabisa asimame. Wimbi hilo halikui bila mwisho, kwa kuwa gari haliwezi kwenda polepole kuliko kusimama. Hufikia ukubwa wake, kisha hujirudia.

Mwaka 2008, Yuki Sugiyama na wenzake wa Japani walichapisha jaribio la magari 22 kwenye duara lenye mzingo wa mita 230. Madereva waliambiwa waende kilomita 30 kwa saa. Hapakuwa na taa wala makutano, lakini foleni ilizuka, ikarudi nyuma kwa takriban kilomita 20 kwa saa huku magari yenyewe yakienda mbele.

Hatari kubwa iko kwenye msongamano wa wastani, ambako nafasi ikipungua kidogo mwendo hubadilika sana. Msongamano ukiwa mkubwa mno, kama ndani ya Kariakoo, gari lililo nyuma ya mkokoteni hutambaa tu. Kero ipo, ila si ya aina hii. Na foleni ikishaanza ni kaidi: magari yakirudi kwenye idadi iliyoizua, bado haivunjiki, mpaka yapungue zaidi.

Kwa hiyo kumlaumu dereva wa mbele mara nyingi ni kumwonea. Dawa yaweza kuwa mwendo tulivu: huko Tucson, Marekani, watafiti walionyesha kwamba gari moja linalojiendesha, kati ya magari yapatayo 20, linaweza kulizima wimbi kwa kwenda mwendo wa wastani usioyumba.