JE, VIETNAM IUTUPE UBEPARI?

Katika mjadala wa chama chetu muhula uliopita mwenzetu mmoja alishikilia kwamba nchi ya kikomunisti ikishaonja soko huria imejisaliti, na dawa ni kurudi ilikotoka. Alipigiwa makofi sana. Lakini ilikotoka ni wapi hasa?

Hebu tuitazame Vietnam. Vita vilipokwisha mwaka wa 1975, serikali ya kikomunisti ilijaribu kushika kila kitu nchi nzima. Mashamba yalitiwa katika ushirika, na mchele, nyama, hata kitambaa vikatolewa kwa kuponi. Watu wa Hanoi waliamka usiku kwenda kupanga foleni, na aliyechoka aliacha tofali limshikie nafasi. Tofali, jamani! Kitabu cha mgao wa mchele kilithaminiwa hivi kwamba mtu akinuna huambiwa ana uso wa aliyepoteza kitabu cha mchele. Na usidhani wote walikuwa sawa. La hasha! Wakubwa walikuwa na duka lao maalumu.

Mwaka wa 1986 bei zilipanda zaidi ya mara nne. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo mkutano mkuu wa sita wa chama tawala ukapitisha Doi Moi, yaani kufanya upya. Mwaka wa 1988 familia zikapewa mashamba zilime zenyewe. Mkulima ni yuleyule na udongo ni uleule, ila sasa alijua mavuno ni yake. Kufikia mwaka wa 1989 nchi iliyokuwa ikiagiza mchele iliuza nje zaidi ya tani milioni moja! Leo ni ya pili duniani kwa kahawa, baada ya Brazil.

Wanaolalamika kwamba Hanoi imejaa pikipiki na vijana wanapenda simu za bei, mimi siwaelewi. Aliyepanga foleni na tofali akinunua pikipiki, kwani ametenda dhambi gani?

Linaloniudhi ni jingine. Mwaka wa 1989 hospitali na shule za serikali nazo zilianza kutoza ada, kana kwamba matibabu na masomo ni bidhaa kama viatu. Sisi wa shule ya kutwa tunajua kurudishwa nyumbani kwa sababu ya karo kulivyo. Asiye na pesa za pikipiki hutembea, lakini asiye na karo afanye nini? Hapo ndipo ubepari ulistahili kufungiwa mlango, na wakomunisti wenyewe ndio walioufungua.

Ilichukua miaka mingi kurekebisha. Kuanzia Septemba 2025, shule za umma za Vietnam hazitozi karo, toka chekechea hadi mwisho wa sekondari. Hilo limewezekana bila kurudisha kuponi hata moja, kwa hazina iliyojaa kutokana na kodi za viwanda na biashara. Basi yule mwenzetu aliyepigiwa makofi anieleze: soko likifungwa, karo hiyo atailipa nani?