Barabara ikiwa na mistari, ulizeni boza

Kuna barabara za mikoani ambazo zinajisema zenyewe. Ukichungulia dirishani basi likipunguza mwendo, utaiona mistari miembamba iliyonyooka kwa urefu wa njia: mmoja mweusi unaong'aa, wa pili umepauka na kokoto zake zimeanza kung'oka, kisha mweusi tena. Abiria atalaumu mvua. Mwingine ataapa kwamba mkandarasi ameiba lami. Inawezekana. Lakini mistari ya namna hiyo kwa kawaida si ya mwizi wala ya mvua. Ni ya nozeli iliyoziba nyuma ya boza la lami, na hakuna aliyeinama kuitazama.

Kwenye lami nzito boza halina makuu. Kokoto na lami huchanganywa kiwandani zikiwa za moto, zikatandazwa kwa mashine. Boza hutangulia tu kupuliza utando mwembamba wa kugandisha tabaka na tabaka. Kwenye lami nyepesi mambo ni mengine. Hapo lami humwagwa chini yenyewe, kokoto hufuata juu yake papo hapo, rola ya matairi ikashindilia, na mara nyingi kazi hiyo hurudiwa mara ya pili. Kipimo cha lami kimo mikononi mwa watu wawili: dereva, na fundi anayesimama nyuma penye moshi.

Gari lenyewe ni tangi lililofunikwa blanketi la kuzuia joto, ndani likiwa na mabomba yanayopitisha moto wa vichomeo. Lami ya daraja la 80/100 haipulizwi mpaka ikaribie nyuzi 170 za Selsiasi. Ile iliyozimuliwa kwa mafuta ya taa, inayotangulia kunywesha tabaka la kifusi, hutosheka na nyuzi 50 hivi. Pampu huizungusha muda wote isigande. Kinachoogopwa sana ni maji. Lami ya moto ikikuta mabaki ya maji ndani ya tangi hufura kama maziwa jikoni, ikafurika na kumwagikia watu, na lami ya nyuzi hizo ikishika ngozi haibanduki.

Nyuma kuna bomba refu lililolala kwa upana wa barabara, na nozeli zake zimepangwa kila baada ya sentimita 10 hivi. Kila nozeli hupuliza lami kwa umbo la upepeo, nayo huelekezwa upande kidogo ili pepeo hizo zisigongane. Bomba likiwa kwenye kimo chake, kila kipande cha barabara hupata lami ya nozeli tatu kwa pamoja. Lishushe au lipandishe kidogo tu, mpishano unaharibika na mistari inazaliwa. Na hapa kuna ujanja usiosemwa sana: tangi likipungua, springi za gari hunyanyuka, na bomba hunyanyuka nalo. Boza lililoanza kazi vizuri asubuhi linaweza kuchora mistari kabla ya kumaliza tangi lilelile.

Mwendo nao una hesabu zake. Tuseme zinatakiwa lita 1.2 kwa kila mita ya mraba, upana wa mita 3. Kila mita moja mbele inakunywa lita 3.6. Gari likienda mita 100 kwa dakika, yaani mwendo wa mtu anayewahi basi, pampu itoe lita 360 kwa dakika. Dereva akiongeza mguu akafika mita 120, pampu ikibaki vilevile, kila mita ya mraba inapata lita 1 tu. Kokoto hazitashikwa; zitaishia kwenye vioo vya magari. Akizubaa, lami inazidi, na mwakani jua la mchana litaipandisha juu ya kokoto iwe telezi kama sahani.

Ndiyo maana mafundi wanaojua kazi hawaanzii barabarani. Hutandika karatasi nzito pale lami ya jana ilipoishia, boza likaanza kupuliza juu ya karatasi likiwa tayari limeshika mwendo wake, kisha karatasi hukunjwa na kutupwa. Pasipo karatasi, kila ungio huachiwa tuta jeusi ambalo kiuno cha abiria kitalitambua kwa miaka. Wengine hutandika vipande vya zulia vilivyopimwa uzito, boza likapita juu yake, vikapimwa tena. Ni kazi ya dakika chache, nami ningependa kumwona mhandisi anayelipwa kusimamia akikataa boza kwa sababu ya kipande cha zulia.

Jioni, tangi likiwa tupu, dizeli husukumwa kwenye bomba mpaka itoke safi. Nozeli hufunguliwa moja moja, zikalowekwa kwenye ndoo. Fundi huiinua kila moja, akaielekeza kwenye mwanga na kuichungulia kwa jicho moja. Isiyoonyesha mwanga inarudi kwenye ndoo.