Guka Amekuachia Bastola ya Zamani? Kabla Uishike, Cheki Hii

Wacha nikupeleke ushago kiasi. Wiki mbili baada ya kumzika guka, tulikuwa tunatoa vitu kwa kabati yake ndio wazee wagawane. Masweta, redio imekufa, marisiti za majani chai, na chini kabisa sanduku ya mbao. Binamu yangu akaifungua. Ndani, mguu wa kuku. Mrefu, mwembamba, mweusi, kama kitu ya muvi ya kitambo. Sekunde tatu hivi jamaa ashatoa simu, anataka picha akiwa ameishika, caption iko ready.

Cucu akaongea kutoka kwa mlango, hata sauti hakupandisha: "Rudisha hapo. Hiyo kitu haina mwenyewe saa hii."

Tulidhani ni uchungu wa kufiwa. Kumbe mathe mzee alikuwa amemaliza sheria yote na sentensi moja.

Iko hivi. Chini ya Firearms Act, ile Cap 114, cheti cha bunduki hupewa mtu, si boma. Shamba utarithi, ng'ombe utarithi, deni za guka pia zinaweza kukufuata, lakini cheti chake si chako. Hata kama aliandika kwa wosia "bastola apewe Kamau", wosia si cheti. Ukikaa nayo kejani bila karatasi yako mwenyewe, kwa macho ya karao wewe ni msee ako na silaha haramu, na hiyo story ya "ni ya guka" utaisimulia mbele ya hakimu. Risasi pia zinahesabika, hata ikiwa ni moja imesahaulika kwa droo. Na guka alikuwa anajua hii kitu ni serious. Gava ilipoita wenye bunduki wote wakaguliwe upya, mwisho wa 2018 kuingia 2019, alipanga laini na mkongojo wake.

So usiibebe kwa begi ukapande nayo mathree ukisema unaipeleka stesheni. Unajua vile msako hukuwa njiani. Mtu mzima wa familia apigie OCS simu, aeleze iko wapi, na aulize wanataka ifike aje. Tafuteni cheti cha marehemu na karatasi za kifo. Ikichukuliwa, itisha nambari ya OB na uhakikishe serial number imeandikwa. Kama kuna mtu kwa familia anataka kuomba cheti chake kwa Firearms Licensing Board, hapo ndipo pa kuuliza itakaa wapi akingojea.

Kitu ingine: usijifanye umeona kwa muvi, eti unaitoa risasi. Bastola ya guka ilikuwa Colt Woodsman, na hii mashine nyundo yake imefichwa ndani. Kwa macho huwezi jua kama iko tayari kulipuka. Ukitoa magazini, risasi moja inaweza kuwa imebaki kwa mtutu ikikungoja. Watu husema "si ni .22 tu, ya kuua ndege." Hiyo ndogo inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja, na mwili wa mtu hauisimamishi na maombi. Achia mwenye anajua.

Sasa, kwa nini ujisumbue kujua ni aina gani? Juu bila jina, hiyo ni chuma tu. 2016 gava ilichoma bunduki zaidi ya elfu tano pale Ngong, zile za kuokotwa na za majambazi. Sijui kukuhusu, lakini singependa ya mzee iingie kwa mrundo kama huo juu hakuna mtu wa familia alijua kusema ni nini.

Na kutambua hakuhitaji kushika. Torchi na macho tu. Bastola ya shabaha hujitambulisha: mtutu mrefu, kidude cha kulengea cha nyuma kinarekebishwa na skrubu, na risasi ndogo. Imetengenezwa kutoboa karatasi mahali unataka, si kuvamia mtu. Woodsman ni kazi ya John Browning, yule mtu wa Utah alichora karibu kila bunduki unajua. Colt walianza kuiuza 1915, na kwa karakana ya Hartford ikaendelea kutoka hadi 1977. Jina lenyewe "Woodsman" lilikuja 1927, kwa hivyo kama halijaandikwa ubavuni, hiyo ni mzee kuliko hapo.

Halafu angalia kitufe cha kuachilia magazini. Zile za kwanza, hadi 1947, kiko chini kwa kisigino cha mpini. Za 1947 hadi 1955 kinasogea juu, karibu na triga, na serial number inapata herufi S. Baada ya hapo, wakakirudisha chini tena. Usiniulize mbona, labda kuna boss mpya alikuwa anataka kuonekana.

Alama moja nayo si ya sifa, ni ya usalama. Nyuma ya mpini, pale kiganja hukaa juu, Woodsman za kwanza kabisa zina michoro ya vimraba vidogo. Hizo zilijengwa kwa risasi za nguvu ya kawaida tu. Zile zilikuja miaka ya thelathini zikiwa na mistari ya kulala ndizo ziliwekwa sawa kwa risasi za kasi. Ya guka ilikuwa na vimraba. Mwenye ataipokea lazima aambiwe hiyo, na kama anataka historia kamili, Colt wenyewe hutoa barua ya kumbukumbu kwa malipo, kutumia serial number.

Kuhifadhi sasa, ikishafika kwa mikono ya kisheria. Kazi kubwa ni kumzuia mtu asisaidie. Fundi wa mtaa atakwambia ataisugua msasa ing'ae kama sufuria mpya. Kataa. Ile rangi nyeusi-buluu, hata imechujuka pale kidole kilikuwa kinashika, ndiyo thamani yenyewe, ukiitoa hairudi. Skrubu zikae vile ziko, juu bisibisi isiyoenea inakula kichwa chake. Mafuta mepesi kidogo kwa kitambaa safi inatosha, na jasho la vidole lifutwe kila mara imeshikwa. Isifyatuliwe bila risasi, kwa sababu pini ya .22 inagonga ukingo wa chuma. Na isikae kwa mfuko wake wa ngozi, hata kama ni ya guka na inanukia yeye. Ngozi inavuta unyevu, na chuma kinakula kutu kimyakimya. Mfuko ukae kando, na vipakiti vya silika kama vile huja na viatu.

Karatasi ndizo watu hutupa kwanza, na ndizo ningeokoa kwanza. Sanduku, risiti, cheti kilichoisha, chochote kinachounganisha hiyo nambari na jina lake.

Yetu ilienda asubuhi ya Jumanne. Maafisa wawili wakaja, wakaikagua, na ndiyo, kulikuwa na risasi ndani. Binamu yangu alikaa chini kwa nyasi bila kuongea. Mjomba ndiye anafuatilia cheti, bado tunangoja.

Chini ya sanduku tulipata karatasi za shabaha zimekunjwa, za 1974, mashimo kumi yamerundikana katikati hadi unaweza kuyafunika na kikombe cha chai. Pembeni guka ameandika alama na penseli, na jina la mwenye alimshinda. Cucu amezichukua zote. Moja iko kwa ukuta wa sebule, karibu na kalenda.