Sheria za Mashamba katika Uhindi: Nani Ana Haki ya Kuamuru?

Wengi walisikia habari ya walimaji wa Uhindi waliokaa mwaka muzima, tangu Novemba 2020, katika barabara za kuingia Delhi. Lakini ndani ya ugomvi ule mulikuwa na mwingine: majimbo na serikali kubwa. Tuufikiri kwa utaratibu.

1. Kanuni ya inchi. Kanuni kubwa ya Uhindi inagawanya kazi ya kutunga sheria katika orodha tatu: ya serikali kubwa, ya majimbo, na ya wote wawili. Kilimo na masoko ni katika orodha ya majimbo. Lakini katika mwaka 1954 kanuni ilibadilishwa, na biashara ya vyakula ikatiwa katika orodha ya wote wawili. Na katika orodha hiyo, sheria zikipingana, kwa kawaida ya serikali kubwa inashinda. Basi ngano ikiuzwa, ni jambo la soko, ao ni biashara ya chakula? Kila upande ulishika neno lake.

2. Sheria tatu. Katika Septemba 2020 Baraza la New Delhi lilipitisha sheria tatu. Ya kwanza ndiyo iliyochoma zaidi: ilimupa mufanyabiashara ruhusa ya kununua mavuno inje ya mandi, ndiyo masoko yanayotengenezwa na sheria ya jimbo, pasipo kulipa ushuru wa jimbo. Serikali kubwa ilisema: mulimaji atapata wanunuzi wengi, na bei itapanda. Punjab ilijibu: mandi zitakufa, na pamoja nazo bei ile serikali inayoweka kwa kununua ngano na mupunga, tena ushuru unaotengeneza barabara za vijiji utapotea.

3. Majibu ya majimbo. Tarehe 20 Oktoba 2020 baraza la Punjab, chini ya Amarinder Singh, lilikataa sheria zile na kupitisha zake: anayenunua ngano ao mupunga chini ya bei ya serikali afungwe si chini ya miaka mitatu. Rajasthan ilifuata. Lakini sheria ya jimbo inayopinga ya serikali kubwa shurti ikubaliwe na Rais, naye hufuata shauri la mawaziri wa serikali kubwa. Za Punjab hazikukubaliwa. Njia ya sheria ilipofungwa, walimaji walishika njia ya miguu na ya trakta.

4. Mwisho wake. Tarehe 12 Januari 2021 Mahakama Kuu ilisimamisha sheria zile tatu. Tarehe 19 Novemba Narendra Modi alitangaza kuziondoa, na tarehe 29 Baraza likazifuta.

Je, nani alishinda? Walimaji, ndiyo. Lakini ulizo la majimbo halikujibiwa, maana Mahakama haikukata neno juu ya orodha zile. Sheria zimekwenda, orodha zimebaki. Siku serikali kubwa itakapogusa tena soko la mulimaji pasipo kupatana kwanza na majimbo, ulizo lile lile litasimama mulangoni.