Kuelewa si Kuelewesha

Mcheza kwao hutuzwa, walinena wahenga. Mnamo 1984 Patrick Ewing, mzaliwa wa Jamaika, aliisaidia timu ya Chuo Kikuu cha Georgetown kutwaa ubingwa wa mpira wa vikapu wa vyuo vya Marekani. Baadaye alivuma katika New York Knicks kwa misimu 15. Alipostaafu, alikuwa kocha msaidizi katika ligi ya kulipwa kwa miaka mingi, hadi chuo chake kilipomkabidhi timu mnamo 2017.

Mwaka wa 2021 alitwaa kombe la Big East. Msimu uliofuata akashindwa katika mechi zote 19 za ligi hiyo. Machi 2023 akafutwa kazi.

Wapo waliomcheka. Mimi sikucheka. Nilipoanza kufundisha isimu, mwanafunzi aliniuliza mbona twasema "rafiki mwema" lakini "rafiki yangu". Mimi, niliyekinyonya Kiswahili kwa mama, nikajibu: "Ndivyo isemwavyo." Darasa likanyamaza. Kujua nilijua, kueleza sikuweza.

Kati ya kuelewa na kuelewesha pana kiambishi kimoja tu, lakini safari yake ni ndefu. Ikiwa Ewing, baada ya uanagenzi wote ule, mambo yalimwendea mrama, seuze mwalimu mpya tunayemtwika darasa kwa kuwa alipasi mtihani, kisha tukamwacha peke yake? Walimu wenzangu, tumshike mkono. Nanyi wanafunzi, akikwama msimcheke. Ulizeni tena, kwani swali lenu humfunza pia.